Kikundi cha Ukoo: Mshale wa Joto wa Pikapu

JUMATANO

Dada Rehema, 18:04
Assalaam alaykum nyote. Mabati ya nyumba ya Bibi yako tayari Tanga, na mwenye duka anataka yaondolewe Jumamosi asubuhi, kwa hiyo pikapu ya marehemu Mzee ndiyo itakayoyapandisha Lushoto. Kabla ya hapo nataka tukubaliane jambo moja tu, nalo ni namna dereva atakavyojua joto halisi la maji ya injini akiwa mlimani. Sitaki kuambiwa tena kwamba mshale ulikuwa katikati.

Dada Rehema, 18:40
Naona watu wengi wamesoma na hakuna aliyejibu. Idi, wewe ndiye dereva, anza.

Idi, 19:26
Shikamoo Dada. Kusema kweli, mshale wa dashibodi nimeacha kuuamini. Kutoka Muheza hadi Korogwe unakaa chini ya robo, nikishapita Mombo na kuanza kupanda unafika katikati, kisha unatulia hapo hapo hata ninapoanza kunusa maji ya moto, na ukija kuondoka katikati unaruka hadi kwenye wekundu kabla sijapata mahali pa kuegesha.

Kaka Salimu, 19:31
Mshale huo ni ndugu wa mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye kila siku hutoa taarifa kwamba mtaa uko shwari mpaka aone moshi.

Mama Mdogo Asha, 19:33
Salimu, mjumbe huyo ndiye aliyekuandikia barua ya kuombea kitambulisho, nawe ulimshukuru mpaka akaona haya.

Kaka Salimu, 19:34
Nilimshukuru kwa sababu barua ilichukua wiki tatu, na nilikuwa nimeshamzoea.

Dada Rehema, 19:36
Tunazungumzia pikapu. Zuhura, wewe uko gereji kila siku huko Dar es Salaam, naomba utueleze.

Zuhura, 20:15
Shikamooni wakubwa. Anachosema Idi kina maelezo. Geji za magari mengi zimetengenezwa makusudi zitulie katikati kwa mapana makubwa ya joto, ili dereva asiingiwe na hofu kila mshale unapocheza, na matokeo yake ni kwamba nyuzi 85 na nyuzi 100 zinaweza kuonekana mahali pamoja. Halafu sensa yake, yaani kile kidude cha kwenye injini kinachopima joto na kuupa mshale habari, ina tabia ambayo watu wengi hawaijui: joto likipanda upinzani wake wa umeme hushuka, kwa hiyo waya wake ukikatika au ukishika kutu, mshale hulala chini kabisa na kusema injini ni baridi. Idi anaweza kuipima kwa kuchomoa waya wa sensa, kuwasha swichi bila kupiga injini, na kuugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi kupitia balbu ndogo. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima na wa kushukiwa ni sensa.

Zuhura, 20:22
Jambo lililo baya zaidi ni hili. Sensa hupima maji yanayoigusa. Mpira wa maji ukipasuka na maji yakaisha, sensa hubaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, inaungua. Kwa hiyo ninapendekeza geji ya pili yenye namba, yenye sensa mbili: moja kwenye mpira wa juu wa rejeta kwa kiungio cha chuma, na nyingine iliyobanwa chini ya bolti ya injini karibu na hedi, kwa sababu hiyo ya pili hupima chuma chenyewe hata kama hakuna tone la maji. Kile kiungio kikishakaa katikati ya mpira hakigusi chuma cha gari, hivyo lazima kivutiwe waya wake wa ethi wa kukiunganisha na chuma hicho, la sivyo namba zitakuwa za uongo.

Dada Rehema, 20:25
Nimeelewa. Kila mtu shilingi 10,000, zitumwe kwangu kabla ya kesho adhuhuri, na Zuhura anunue vifaa na kuvipeleka kwa basi hadi Mombo.

Dada Rehema, 21:50
Waliotuma mpaka sasa ni Mama Mdogo na mimi.

Idi, 22:03
Nitatuma kesho. Ila naomba niulize, Zuhura: kwa nini tambarare mshale unakaa chini ya robo? Zamani Mzee akiendesha haukuwa hivyo.

Zuhura, 22:10
Inaelekea thamostati, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, imetolewa. Injini bila thamostati huendeshwa baridi barabara nzima, inakula mafuta na kujichosha, na wewe dereva huna kiwango cha kawaida cha kulinganisha. Ikiwekwa yenye nyuzi 82, injini itakaa kati ya 82 na 90 na kitu, na chochote zaidi ya hapo utakiona mapema.

Idi, 22:12
Aliyeitoa anajulikana.

ALHAMISI

Mjomba Shabani, 06:48
Nimesoma yote. Thamostati niliitoa mimi kwa ushauri wa fundi mwenye umri wa kuwazaa ninyi nyote, kwa sababu nchi hii ni ya joto na kifaa kile ni cha nchi za baridi. Hedi haikupasuka kwa ajili yangu. Ilipasuka Korogwe kwa sababu mtu aliendelea kukanyaga mafuta huku mvuke ukitoka, na fedha ya hedi ile mpaka leo hakuna aliyeieleza.

Idi, 07:02
Mjomba, kwa heshima zote, mvuke haukuonekana kwa sababu ilikuwa usiku na mvua ilikuwa inanyesha. Na nchi ya joto haibadilishi kazi ya thamostati, kwa kuwa ikishafunguka maji yanapita na kinachobaki ni uwezo wa rejeta na feni. Fedha mliyoniambia ninadaiwa nimekuwa nikiilipa kidogo kidogo kwa mizigo ya kabichi ambayo hakuna aliyeniuliza habari zake.

Kaka Salimu, 07:05
Hizo kabichi ndizo nilizokuwa nikiletewa kama zawadi?

Dada Rehema, 07:06
Salimu, si wakati wake. Idi na Mjomba, mambo ya Korogwe tutayazungumza kwa Bibi. Leo nataka namba ambazo dereva atazifuata.

Zuhura, 07:40
Kwa pikapu hii, ikishawekewa thamostati, ningesema hivi. Ikifika 100 mlimani, ashuke gia moja na kupunguza mguu, ili pampu na feni zizunguke vizuri bila injini kubeba mzigo mkubwa, na afungulie hita hadi mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili, ingawa atatoka jasho. Ikifika 105, aegeshe. Asizime papo hapo kama maji bado yamo, kwa kuwa ukizima pampu inasimama na joto la chuma huendelea kupanda. Aiache ikiunguruma taratibu mpaka namba ianze kushuka. Akiona sensa ya chuma inapanda huku ile ya maji inashuka, au mvuke unatoka, hapo azime mara moja.

Zuhura, 07:46
Naomba pia kifuniko cha rejeta kibadilishwe, kiwe cha mgandamizo wa bari 0.9 kama cha zamani. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118 huku pwani, lakini kikilegea maji huchemka kwa 100, na Lushoto, kwenye mita zipatazo 1,400, huchemka kwa kama 95. Mlima wenyewe unatupunguzia nafasi. Na asikifungue kikiwa cha moto, hata kama abiria ana haraka.

Mama Mdogo Asha, 08:30
Mabati hayo ni ya unene wa geji 28 au 30? Ninauliza kwa sababu ya uzito, na Rehema alisema kutakuwa na mifuko ya saruji pia.

Dada Rehema, 08:33
Ni ya geji 28. Saruji ni mifuko michache tu.

Idi, 08:34
Mifuko mingapi?

Baba Mkubwa, 11:17
Wanangu, nimesomewa maneno yenu yote, na yule aliyenisomea amerudia ya Korogwe mara mbili kwa sababu sikuamini masikio yangu. Fedha ya hedi ile niliilipa mimi, mkononi mwa fundi, juma lile lile, na Mzee wenu alijua kabla hajafariki. Sikumwambia mtu kwa sababu sikuona haja. Sasa nataka kujua ni nani aliyemwambia Idi kwamba anadaiwa, na fedha za kabichi zilikwenda wapi. Kuhusu safari, nimeendesha lori miaka mingi katika barabara ile ya Mombo, na gari lililobeba mabati na saruji kwa pamoja halipandi pale likiwa na geji moja isiyoaminika. Sikilizeni anachosema Zuhura. Pikapu isiondoke Tanga kabla Idi mwenyewe hajaniambia kwa simu namba anayoisoma.

Dada Rehema, 13:05
Tumesikia, Baba Mkubwa. Shikamoo.

Mama Mdogo Asha, 13:20
Shikamoo, Shemeji. Tumesikia.

Idi, 15:52
Shikamoo, Baba Mkubwa. Nitafanya hivyo. Nimepata thamostati mpya hapa Mombo, nikaichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto cha duka la dawa za mifugo, ikaanza kufunguka kwenye 82 kama ilivyoandikwa. Waya wa sensa ya zamani nao umeonekana kuwa na kutu, kwa hiyo fundi ameusafisha.

Zuhura, 16:10
Vizuri. Kifurushi kimepanda basi la mchana huu. Fedha haikutosha sensa mbili, kwa hiyo nimeweka ya mpira wa juu, na ile ya chuma nimeikopa dukani.

Dada Rehema, 16:12
Ambao hawajatuma wanajijua.

IJUMAA

Idi, 09:25
Kifurushi nimekipokea, lakini fundi anasema kiungio cha mpira ni kikubwa kidogo kuliko mpira wetu, na anaweza kukifunga baada ya swala ya Ijumaa iwapo atapata mpira mwingine Korogwe. Ile sensa ya chuma anaweza kuifunga sasa. Niende Tanga leo usiku na hiyo moja, au nisubiri?

Dada Rehema, 09:27
Zuhura?

Zuhura, 10:44
Kama ni moja, ningechagua hiyo ya chuma. Ila Idi aache saruji, na Baba Mkubwa ndiye aliyeweka sharti, kwa hiyo aulizwe yeye.

Dada Rehema, 10:46
Baba Mkubwa hapatikani kwa simu. Nani yuko karibu naye? Na nani atampigia mwenye duka kumuuliza kama anaweza kuvumilia mpaka Jumatatu?

Kaka Salimu, 12:58
Mimi nimetuma 5,000. Zinazobaki ni za kabichi nilizokula.

Mjomba Shabani, 14:30
Korogwe nipo mimi. Kipenyo cha mpira ni ngapi?