Mzazi anataka kutuachia nyoka awe wa darasa, nikubali?

Mwalimu Chaki:
Wakuu, habari zenu. Nafundisha darasa la tano, wanafunzi 34. Kuna mzazi anahama na hawezi kusafiri na nyoka wao, sasa ameniambia atatupa bure pamoja na sanduku la kioo, taa na vikorokoro vyote. Ni yule nyoka wa mahindi wa Marekani, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, ana miaka minne. Hana sumu. Nimemshika mwenyewe: mkavu, laini, halafu ana nguvu, anajizungusha mkononi kama anakupima bangili.

Watoto wameshasikia, darasa halikaliki. Mwalimu mkuu kasema niandike mpango ausome, na mimi wa kuandika mpango sijawahi kufuga hata kuku. Waliowahi naomba ushauri. Ila msije mkaniambia tu "nyoka ni nyoka".

Kobe Mtulivu:
Nyoka ni nyoka. (Samahani mwalimu, nimeshindwa kujizuia.)

Gamba Jipya:
Nafuga hao wa mahindi mwaka wa tisa huu. Kuuma kusikutishe, akikuuma ni mikwaruzo tu, osha na sabuni. Cha kukunyima usingizi ni joto. Nyoka hajitengenezei joto mwilini, na asipopata joto chakula hakisagiki, kinamwozea tumboni. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 29 hadi 31, mwingine 24 hivi, achague mwenyewe, na kila upande awe na mahali pa kujificha. Usiwashe chombo chochote cha joto bila themostati, yaani kifaa kinachozima joto likifika kiwango ulichoweka. Nimeona nyoka aliyeungua tumbo na hakusogea, maana mara nyingi hawakimbii joto linalotoka chini.

Kifuniko kiwe na vibano vya kufunga. Hawa ni mabingwa wa kutoroka, anasukuma na pua usiku kucha, na kichwa kikipita mwili wote umepita. Wangu alipotea siku 11, nikamkuta nyuma ya friji amejikunja pale penye moto wa mota.

Chakula ni panya mzima wa kugandishwa. Unamweka kwenye mfuko, unamyeyusha kwenye maji ya moto mpaka apate uvuguvugu, unampa kwa koleo. Asizidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi. Wa umri huo anakula kila baada ya wiki moja au mbili. Panya hai hapana, panya akikosa pa kukimbia anamng'ata nyoka. Na akishakula asiguswe siku mbili, la sivyo anatapika, na harufu yake mtahama darasa.

Swali la kwanza kwenye mpango wako: huyo panya anagandishwa wapi? Friji la chakula cha walimu usilitaje.

Mama wa Wawili:
Naongea kama mzazi. Nyoka anaweza kuwa mzima kabisa na bado ana salmonela (bakteria wa kuharisha) tumboni, inatoka na kinyesi, inakaa kwenye ngozi na kwenye kioo. Hakuna dawa ya kumsafisha ikaisha. Kwa hiyo sabuni na maji yanayotiririka kila akiguswa, na bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vikombe. Watoto wa chini ya miaka mitano hawatakiwi kumgusa kabisa, na wanafunzi wako wana wadogo zao nyumbani. Mwanangu wa pili anatumia dawa zinazoshusha kinga, nisingependa kusikia habari za nyoka kutoka kwake akirudi jioni. Barua kwa wazazi itangulie, nyoka afuate.

Halafu je, wanakula humo darasani?

Mwalimu Chaki:
Mvua ikinyesha, ndiyo. Hilo sikuliwaza. Na kuna binti mmoja tangu asikie amehamisha meza yake mpaka mlangoni, hajasema neno.

Gamba Jipya, wote 34 wanataka kumshika. Kwa zamu inawezekana?

Mzee wa Kichaka:
Si mkamate mmoja tu nje huko, bure, mkichoka mnamwachia?

Gamba Jipya:
Mzee, wa porini amejaa minyoo na kupe, sehemu nyingi ni kosa kisheria, na ukikosea kumtambua unakosea mara moja tu.

Mwalimu, mikono 34 hapana. Nyoka hapendi kushikwa, anavumilia. Mtu mmoja, dakika kumi, mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Akikunja shingo au akitikisa mkia kwa kasi, mrudishe. Macho yakiwa na ukungu wa buluu anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri, hapo msimguse kabisa.

Ualimu Wito:
Mimi niliwahi kuwa naye darasani miaka mitatu. Siku za masomo hazina shida, shida ni Ijumaa saa kumi mpaka Jumatatu. Kabla hujamjibu mzazi, weka darasani kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa, ukiache wikiendi nzima. Na kumbuka hawa wanafika miaka 15 hadi 20. Hilo darasa lako watakuwa wameshaoa na wewe bado unayeyusha panya. Wangu yuko sebuleni kwangu sasa, mwenzangu alishakata tamaa ya kulalamika.

Mwalimu Chaki:
Mrejesho wakuu. Kipimajoto kilishuka mpaka nyuzi 16. Nikamuuliza mlinzi, kumbe kila Ijumaa anazima swichi kuu ya jengo zima, na ndivyo alivyoagizwa. Nimemwambia mzazi hapana. Amepata mfugaji mzoefu wa kumchukua, na kabla hajaondoka naye atamleta asubuhi moja watoto wamwone, barua nimeshatuma.

Mzazi katupatia gamba ambalo nyoka alilivua juzi, zima. Watoto wamelipima sentimita 131, wakati mzazi anasema nyoka ana 112. Tangu asubuhi wanabishana nani kapima vibaya.

Gamba Jipya:
Hakuna aliyekosea. Gamba linatoka kwa kupinduka kama soksi, na ile ngozi iliyokunjika katikati ya magamba inanyooka, ndiyo maana linakuwa refu kuliko mwenyewe. Angalieni kichwani. Nyoka hana kope, jicho limefunikwa na gamba angavu, nalo hutoka na mengine. Yapo yote mawili?

Mwalimu Chaki:
Lipo la kushoto. La kulia ni tundu. Wapo chini ya meza wanalitafuta.

Gamba Jipya:
Watoe chini ya meza. Huenda limebaki kwenye jicho la nyoka. Mwambie mzazi amwangalie leo, na asijaribu kulibandua kwa kucha.

Mwalimu Chaki:
Nampigia sasa hivi.