Mama yuko dialisisi, kingamwili zimetoka 4. Chanjo imekwenda bure?

Kifunguamimba
Habari zenu. Mama ana miaka 63, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, na kisukari anacho siku nyingi. Alimaliza chanjo ya homa ya ini B, hakukosa hata sindano moja. Juzi majibu yametoka: kingamwili 4, na pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu "chini ya 10". Mama aliitazama ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kipochi cha miwani. "Basi mwili wangu umekataa." Sasa hata chanjo ya mafua ya wiki ijayo haitaki. Nimwambie nini?

Nesi wa asubuhi
Mpe mama pole. Nina miaka 11 kwenye kitengo cha dialisisi, karatasi kama hiyo nimewakabidhi wengi. Figo zikishindwa, taka hubaki kwenye damu na seli za kinga huzubaa. Ndiyo maana wagonjwa wetu huchomwa mikrogramu 40 badala ya 20 za mtu mzima mwenye figo nzima. Uliza alipewa ngapi. Uliza pia damu ilichukuliwa lini: ni mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, ikichelewa namba huwa imeshaanza kushuka. Asiyefika 10 hurudia mzunguko mzima na kupimwa tena, na nimeona waliofika kwa mara ya pili.

Ya mafua tafadhali asiiache. Udhaifu uleule unaofanya chanjo imshike kidogo ndio unaofanya ugonjwa umshike sana. Watafiti wa Ontario, Kanada, walionyesha mwaka 2018 kwamba siku 7 za kwanza za influenza, hatari ya shambulio la moyo hupanda karibu mara 6. Kwa mtu wa figo na sukari, hata kinga nusu inaweza kuwa tofauti ya kuugulia nyumbani na kulazwa.

Figo ya kaka
Mimi nimepandikizwa, natumia dawa za kushusha kinga. Dozi 2 za korona, kingamwili hazikuonekana kabisa. Nililia. Ya tatu ndiyo iliyoamsha kidogo. Walionikinga miezi ile ni watu wa nyumbani kwangu, wote walichanjwa. Nanyi mchanje. Ila mama achomwe sindano, si ile ya kupuliza puani. Ile ina kirusi hai kilichodhoofishwa.

Kifunguamimba
Nimerudi na kadi. Nesi, alipewa 20 kila mara! Na damu ilichukuliwa miezi 8 baadaye. Nimemsomea mama jibu lako, akanyamaza, kisha akaitoa karatasi kwenye kipochi: "Iweke kwenye faili, twende nayo." Anauliza, mshipa wa mashine uko mkono wa kushoto, achomwe wapi?

Nesi wa asubuhi
Kulia. Na kadi msiiache.