LTSP: wanafunzi wapya wanakataliwa kuingia. Tubaki na SSHFS, au tuhamie NFS au LDAP?

mwl_maabara: Habari wakuu. Maabara yetu ina seva moja ya Ubuntu yenye LTSP (mfumo wa kuwasha kompyuta nyingi kutoka seva moja). Kompyuta za wanafunzi hazina diski, zinawaka kupitia mtandao. Kidato cha pili wanaingia vizuri. Kidato cha kwanza, niliowasajili juzi kwenye seva, wanaambiwa nywila si sahihi, na nimehakiki kuwa ni sahihi. Folda zao (/home) wanazifikia kwa SSHFS, yaani kupitia SSH, muunganisho uliosimbwa kati ya kompyuta na seva. Nimeshauriwa nipeleke /home kwenye NFS (njia nyingine ya kushiriki mafaili mtandaoni), mwingine akasema LDAP (huduma ya kutunza orodha ya watumiaji mahali pamoja). Ipi ina nafuu?

fundi_seva: Mwalimu, usihame kwanza. Aingie mwanafunzi wa zamani, afungue teminali, aandike `getent passwd` na jina la mgeni. Isipotoka kitu, kompyuta hiyo haimjui kabisa. LTSP za kuanzia 2019 hubeba orodha ya watumiaji ndani ya ltsp.img, faili ambalo kompyuta za wanafunzi hupakua zinapowaka, na orodha hiyo haijisasishi. Endesha `sudo ltsp initrd` kwenye seva ili kulitengeneza upya faili hilo, kisha washa upya kompyuta za wanafunzi. Nywila yenyewe huhakikiwa na seva kupitia SSH, ndiyo maana ukibadilisha nywila tu huhitaji kurudia haya.

dada_linux: Wangekataliwa wote, ningeanza na SSH. Kagua mafaili ya /etc/ssh/sshd_config.d/ kama kuna `PasswordAuthentication no`, inayozuia kuingia kwa nywila. Wakati mwingine huwekwa na cloud-init (programu inayosanidi seva inapowaka mara ya kwanza), na ukisoma sshd_config peke yake huioni.

kasi_kwanza: Mimi ni wa NFS. SSHFS inasimba kila kitu. Darasa zima likifungua Firefox, seva dhaifu inahema.

fundi_seva: Kwa kasi nakubali. Ila haitibu tatizo hili, orodha bado inatoka ltsp.img. Tena NFS ya kawaida inaamini namba ya mtumiaji inayoletewa: mwanafunzi akichomeka laptopu yake kwenye swichi na kujipa namba ya mwenzake, anasoma kazi zake zote. Shuleni nisingethubutu.

dada_linux: LDAP inakuondolea kazi ya initrd, lakini ni huduma nyingine ya kutunza. Kwa seva moja ni mzigo. Mkifika seva mbili tatu, hapo tuzungumze.

mwl_maabara: getent imetoka tupu kwa wapya wote. Nimeendesha initrd, nimewasha upya, wameingia! Mmoja tu bado anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia bila ujumbe wowote.

fundi_seva: Huyo nywila imekubaliwa, nadhani kilichokwama ni folda yake. Kwenye seva piga `ls -ld` uone kama mmiliki ni yeye au root (msimamizi mkuu), halafu `df -h`, huenda diski imejaa.