Mrejesho: metali za kichwa cha treni kidogo cha mvuke

Wakuu, niliwauliza boila yangu ya mwanzo (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) iwe ya shaba nyekundu au ya njano (shaba iliyochanganywa na zinki), na silinda ziwe za nini. Ahsanteni sana, majibu yenu yameniokoa.

Boila imekuwa ya shaba nyekundu, bomba la kipenyo cha mm 76, unene mm 2.5. Mlioikataa shaba njano mlikuwa sahihi: maji ya moto huinyonya zinki, ikabaki na vitundu na kuvunjika kirahisi.

Kulehemu kwa fedha (kuunga vipande kwa lehemu yenye madini ya fedha) kuligoma mara ya kwanza. Lehemu ilijikunja vidonge, haikuingia kwenye kiungo, kwa sababu moto ulipiga sehemu moja na shaba hulitawanya joto upesi mno. Dawa yake: kuzungushia matofali yanayostahimili moto, mitungi miwili ya gesi, kupasha boila nzima, kisha lehemu iyeyushwe na shaba yenyewe, si na ndimi za moto. Kuijaribu boila, nilijaza maji baridi hadi pomoni nikapandisha presha hadi bar 10, mara mbili ya bar 5 za kazi. Geji haikushuka kwa dakika 20. Msijaribu kwa hewa, ikipasuka inaua.

Silinda ni bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), fito za pistoni stenlesi, zinateleza vizuri.

Fremu ndiyo nusu imenishinda. Pleti ya chuma laini ya mm 3 imeota kutu kwenye matundu ya skrubu, rangi haikufika humo. Hewa ya bahari ya Mikindani haina huruma. Nimefungua, nimesugua, sasa kila tundu linapata rangi ya kuzuia kutu kabla ya skrubu.