Baladi kwenye tarumbeta: noti ziko sawa, hisia hakuna. Nirekebishe nini?

Pumzi_Fupi:
Wakuu, msaada kwa wanaopuliza. Nyimbo za mwendo wa mipigo 200 kwa dakika kwenda juu zinatoka, skeli ziko vidoleni. Mwendo ukishuka hadi 60, melodi inasikika kama mtu anasoma tangazo. Kwa sasa nina baladi (wimbo wa polepole) ya jazi, Body and Soul, tarumbeta ya B-flati. Nianze na vibrato (kutetemesha noti), pumzi, au ninunue myuti ya Harmon (kizibo cha chuma cha kubadili mlio)? Na kuna haja gani ya kuhangaika na baladi wakati jukwaani watu wanataka kasi?

Valvu_Tatu:
Mkuu, mfuko uache kwanza. Kasoro ya baladi mara nyingi iko mwishoni mwa noti. Piga hesabu: vipimo 32 vya mipigo minne, kwa mwendo wa 60, ni sekunde 128 kwa mzunguko mmoja wa wimbo. Kwa mwendo wa 240 ni sekunde 32 tu. Noti iliyokuwa inapita kabla sikio halijaikamata sasa inakaa sekunde tatu au nne mbele ya watu, na kila unachoifanyia kinasikika.

Jirekodi kwa simu, kisha usisikilize kitu kingine ila mikia ya noti ndefu. Ama pumzi imelegea na noti imeshuka, ama umebana midomo ili kupunguza sauti, noti ikapanda na rangi yake ikakauka. Hilo la pili ndilo linalowapata wapigaji wa kasi, maana midomo yao imezoea kubana.

Zoezi: shika G ya mstari wa pili, mipigo 4 ukikuza sauti, mipigo 4 ukiipunguza, tyuna (kipima noti) mbele yako na sindano isitoke katikati. Punguza wingi wa hewa, lakini tumbo liendelee kusukuma na meno yasikaribiane. Noti ikikatika ghafla kabla ya mpigo wa nane, umefunga midomo mapema. Shuka nusu toni moja moja hadi C ya chini, dakika 10 kwa siku zinatosha. Ukifika D na C shapu za chini utaona zinapanda zenyewe. Hilo ni umbile la chombo, si wewe. Sukuma nje slaidi (bomba la kuvuta) ya valvu ya tatu, kwa C shapu zaidi kuliko D.

Noti_Ndefu:
Naongezea ulimi. "Tu" ya nyimbo za kasi inakata mno hapa. Tumia "du", na noti ya kwanza baada ya kimya jaribu kuianzisha kwa hewa tupu, kama unasema "hu". Mwanzoni itachelewa kutoka. Ikichelewa, hewa yako ni hafifu, usiisaidie kwa ulimi.

Vibrato si hisia, ni chombo tu. Clifford Brown, mpiga tarumbeta wa jazi, alipopiga na vinanda vya nyuzi mwaka 1955 alizijaza noti vibrato pana, na karibu rekodi yote anabeba melodi tu bila kujionyesha. Miles Davis, naye wa tarumbeta, mara nyingi alipiga noti nyoofu. Wote wawili wanakuchoma. Kinachoharibu ni vibrato ya aina moja kwenye kila noti, hata zile fupi. Shika noti nyoofu mipigo miwili, iache itetemeke kuanzia wa tatu. Fanyia mazoezi kwa metronomu 60: mawimbi 3 kwa mpigo, halafu 4, halafu 5. Mimi napendelea kutetemesha kwa taya kuliko kwa mkono, kwa sababu mkono mzito unaisukuma tarumbeta mdomoni na noti za juu zinachoka upesi.

Myuti_Bila_Kibomba:
Kuhusu Harmon: sikiliza My Funny Valentine ya Miles ya 1956, ana Harmon, halafu ile ya jukwaani New York Februari 1964, tarumbeta wazi. Wimbo uleule, na hiyo ya wazi ndiyo inayotisha zaidi. Myuti haikuongezei hisia.

Ukiinunua hata hivyo: toa kibomba chake cha katikati. Pulizia pumzi ya joto ndani ya mdomo mpana wa tarumbeta, ingiza myuti huku ukiizungusha kidogo, koki inayoizunguka ishike mzunguko mzima. Hewa ikipenya pembeni, utasikia mkwaruzo badala ya ule mlio mwembamba. Myuti hupandisha noti, kwa hiyo vuta slaidi kuu milimita chache kisha hakikisha kwa tyuna. Bila kipaza sauti kilichosogezwa karibu kabisa, noti za chini haziwafikii watu.

Pumzi_Fupi:
Shukrani wakuu. Na wale wanaosema lazima ujue maneno ya wimbo?

Valvu_Tatu:
Si lazima uyaimbe, ila yanakuonyesha pa kuvuta pumzi. Anayehesabu vipimo vinne vinne anapumua katikati ya sentensi, na hapo ndipo panapotoka lile "tangazo" lako.

Mzunguko wa kwanza piga melodi tupu, usiongeze hata noti moja. Wa pili, chelewesha mwanzo wa kila sentensi nusu mpigo lakini imalizie mahali pake. Weka metronomu 30 ili igonge mpigo wa pili na wa nne. Ukiipoteza, hujakaa nyuma ya mpigo, umechelewa tu. Wa tatu, jaza mapengo pekee. Kwenye Body and Soul daraja (sehemu ya kati ya wimbo) linaingia E meja kwa tarumbeta, nusu toni juu ya E-flati uliyotoka. Mabadiliko hayo yanajisemea, usipandishe sauti hapo.

Swali la faida: unachojenga hapa kinarudi kwenye nyimbo za kasi, maana noti ndefu ya kumalizia sentensi ipo huko pia. Kupiga polepole kwa sauti ndogo kunachosha midomo kuliko inavyoonekana, hivyo pumzika muda sawa na uliopuliza. Midomo ikianza kuvuja hewa pembeni, acha mpaka kesho.