Zimamoto wamepita shuleni, sasa zamu yetu

MAJIRANI MTAANI KWETU (TEMEKE)

Ijumaa

18:12 Mama Zuhura: Habari za jioni majirani. Watoto wenu nao wamerudi na haya mambo? Zuhura tangu aingie ndani ananikagua. Kaanza na mpira wa gesi, kahamia kwenye ekstensheni ya tivii, sasa hivi ananiuliza ufunguo wa mlango wa uani unakaa wapi usiku.

18:14 Baba Neema: Salama Mama Zuhura. Huku hivyo hivyo. Zimamoto walikuwa shuleni leo, wamekuja na gari lao kabisa. Neema kavalishwa kofia, kashika mpira wa maji na wenzake, hapa hatulali kwa hadithi.

18:17 Dada Happy: Mimi nimeshuhudia, nilipeleka chakula cha walimu nikabaki hapo hapo. Yule afande wa kike aliwasha moto wa mafuta kwenye karai, watoto wote wakarudi nyuma. Akachukua kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, akashika pembe mbili akazikunjia juu ya viganja ili moto usimpate, akakilaza taratibu kuanzia upande wake kwenda mbele. Moto ukafa. Halafu akawaambia kitu ambacho sisi wapishi wote tungekisikia: usikiondoe kitambaa haraka, mafuta bado yana joto, yakipata hewa yanawaka tena.

18:18 Dada Happy: Na maji kwenye mafuta yanayowaka ni marufuku kabisa. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, yanarusha moto wote juu usoni.

18:21 Bi Mwanaidi: Hao wanaokuja kufundisha wanalipwa na nani? Isije ikawa mchango mwingine mwezi huu.

18:23 Mjumbe: Shikamoo Bi Mwanaidi. Hakuna mchango. Elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ipo kwenye sheria yao ya mwaka 2007. Kuzima moto na kuokoa watu pia hatutozwi. Wanaolipia ni wenye majengo ya biashara, kwenye ukaguzi. Mwalimu mkuu aliandika barua tu kituoni, wakampangia siku.

18:24 Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Basi Mungu awabariki.

18:30 Juma Fundi Umeme: *Imesambazwa mara nyingi* TAHADHARI!! MTUNGI WA GESI UKISHIKA MOTO UNALIPUKA NDANI YA SEKUNDE 30. KIMBIA, USIGUSE CHOCHOTE. TUMA KWA WATU KUMI UOKOE MAISHA.

18:33 Dada Happy: Kaka Juma, hili nalo liliulizwa leo na mwalimu wa darasa la sita. Afande alisema ukiona moto unatokea kwenye regyuleta au kwenye mpira, hiyo ni gesi inayoungua ikiwa inatoka nje, haiungulii ndani ya mtungi. Kama unafikia valvu bila kuungua, funika kwa kitambaa kibichi, funga. Kazi imeisha. Mtungi wa kuogopa ni ule unaopikwa na moto mwingine, nyumba inawaka na mtungi upo katikati. Huo usiusogelee. Toka nje, na zimamoto wakifika neno la kwanza waambie, "ndani kuna mtungi".

18:35 Juma Fundi Umeme: Asante dada. Nafuta, isiende mbele zaidi.

18:36 Mama Zuhura: Zuhura anataka niandike na hili: ukinusa gesi usiku usiwashe taa, na kama taa inawaka usiizime. Swichi inatoa cheche. Funga mtungi, fungua milango, toka. Anasema gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, ndiyo maana mlango unasaidia kuliko kidirisha cha juu.

18:37 Mama Zuhura: Darasa la nne huyu jamani.

18:41 Mzee Salum: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:08)

18:44 Baba Neema: Shikamoo Mzee. Nipo kwenye daladala, sisikii kitu. Kuna anayeweza kuandika?

18:52 Mama Zuhura: Naandika mimi, Mzee kasema mengi na ya maana.

Anasema sisi tunawasifu zimamoto leo kwa kuwa wamecheza na watoto wetu, ni vizuri. Lakini tukumbuke moto wa zile nyumba za nyuma. Watu walijaa, simu zote juu zinarekodi, na hakuna aliyepiga 114, namba ya zimamoto, mpaka moto umeshika kenchi. Kila mmoja alidhani mwenzake keshapiga. Gari lilipofika likakwama pale mwanzo wa njia: lile gari bovu upande mmoja, meza za biashara upande wa pili. Askari wakavuta mpira kwa miguu kutoka barabarani. Anasema wale vijana walikuwa wanakimbia na mzigo ule mzito na sisi tumesimama tunawaambia wamechelewa.

Halafu kasema kuhusu Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya watu mia moja. Anasema pale gari la zimamoto hata lingekuwa hatua kumi lisingewaokoa wote. Kilichohitajika ni watu kujua mapema kwamba mvuke wa petroli unawaka kabla ya petroli yenyewe. Kwa hiyo Mzee anaona hii elimu ya shuleni ndiyo uokoaji wenyewe, tena ule mkubwa.

18:55 Mzee Salum: Umeandika vyema mwanangu. Usisahau la watoto kupiga 114 kwa mchezo.

18:56 Mama Zuhura: Ndiyo. Namba ni bure, basi watoto wakipewa simu wanapiga na kucheka. Afande aliwaambia leo kwamba simu moja ya mchezo inashikilia laini ambayo mtu mwingine anaililia.

19:03 Mjumbe: Mzee Salum, nimekuelewa na nakubaliana nawe. Naomba niweke hapa jinsi ya kupiga, kila mtu aisome na binti wa kazi naye aisomewe. Piga 114. Sema kwanza ulipo: mtaa, kata, na alama inayojulikana. Kwetu sema "njia ya msikiti, baada ya kisima". Sema kinachowaka, sema kama kuna mtu ndani, na usikate simu mpaka wakuruhusu. Mtu mmoja akasimame barabara kubwa awaongoze, maana njia zetu hazina vibao.

19:06 Dada Happy: Na siyo moto tu. Mtoto katumbukia kisimani, mtu kadondokea shimo la choo, nyuki wamevamia, gari limembana mtu. Hao hao ndio wa kuitwa.

19:10 Juma Fundi Umeme: Kweli. Kariakoo ghorofa lilipoporomoka Novemba 2024 nilikuwa na kazi mtaa wa tatu yake. Niliona wanavyoomba watu wanyamaze kabisa, umati mzima kimya, ili wasikie kama kuna mtu anagonga chini ya zege. Wafanyabiashara wenyewe walikuwa wameanza kufukua kwa mikono kabla vyombo havijafika. Mimi tangu siku ile nawaheshimu hawa watu sana.

19:12 Baba Neema: Ndiyo ilivyokuwa Bukoba. Ndege ilipoanguka ziwani Novemba 2022 waliowahi kufika ni wavuvi. Yule kijana mvuvi Majaliwa Jackson alisifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia, na watu 24 walitoka hai. Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe mafunzo. Mimi lile jambo lilinigusa: jirani ndiye anayefika kwanza siku zote, na jeshi likakubali kumchukua huyo jirani na kumfundisha.

19:13 Mama Zuhura: 🙏🏾🙏🏾

21:48 Rehema (Minnesota): Hamjambo nyumbani. Huku mchana ndiyo kwanza nimetoka kazini, nimesoma zote. Mzee Salum shikamoo, Bi Mwanaidi shikamoo.

Niwaambie ya huku. Miji midogo mingi ya Marekani zimamoto wake ni wa kujitolea: fundi magari, mwalimu, mwenye duka, king'ora kikilia anaacha kazi anakimbilia kituoni. Na kuna kitu zimamoto wa huku, hasa wale wa kuajiriwa, wanafanya: wanasimama barabarani wameshika buti la kazini na madereva wanatumbukiza pesa humo. Pesa inakwenda kwa watu wenye maradhi ya kudhoofika misuli. Wameanza mwaka 1954 na bado wanaendelea. Mara ya kwanza nilidhani wanajiombea wenyewe.

Na miji mingi wanakuja nyumbani kukufungia king'ora cha moshi darini bila malipo. Sisi Waafrika tulikuwa tunaogopa kuwafungulia, mtu kavaa sare anagonga mlango. Jengo letu walikuja na mama mmoja Msomali akitafsiri, watu wakaanza kufungua. Hicho king'ora kimeniamsha usiku mmoja jirani wa chini alipolala akaacha chungu motoni. Tulitoka wote salama.

21:55 Bi Mwanaidi: Marahaba Rehema. Tunamshukuru Mungu. Huko kwenu na baridi mnawasha jiko la mkaa ndani?

21:57 Rehema (Minnesota): Hapana Bi Mwanaidi, hairuhusiwi na inaua. Na hapo nyumbani nawaomba msimu wa mvua msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, mtu analala haamki.

Jumamosi

07:20 Mzee Salum: Nimeamka na wazo. Hawa watu wametupa bila kudai kitu. Sisi mtaa tunawapa nini?

07:26 Baba Neema: Shikamoo Mzee. Tarehe 4 Mei ni siku ya zimamoto duniani. Ilianza baada ya askari watano wa kujitolea kufa kwenye moto wa msitu kule Linton, Australia, Desemba 1998. Watu huvaa utepe mwekundu na wa bluu, moto na maji. Tunaweza kuwapelekea keki kituoni na watoto wakaimba.

07:31 Dada Happy: Keki napika mimi, hilo msihangaike. Ila Baba Neema, ukimpa mtu keki Mei, na gari lake likakwama njiani kwetu Juni, umemshukuru?

07:33 Mama Zuhura: Hapo Happy umesema.

07:40 Mjumbe: Jana usiku nilimpigia yule afande aliyekuja shuleni, alituachia namba ya kituo. Nikamuuliza swali kama hili la Mzee, kwa namna yangu: mtaa uwasaidie nini? Hakuomba kitu chake hata kimoja. Alisema mambo matatu. Njia ipitike. Kila nyumba angalau mtu mmoja ajue kutumia mtungi wa kuzimia moto. Na lile bomba la zimamoto pale kona lionekane.

07:41 Juma Fundi Umeme: Bomba gani? Kona ipi?

07:43 Mzee Salum: Lipo. Mimi nalikumbuka lilivyowekwa, lilipakwa rangi nyekundu. Lipo chini ya kifusi, pale mbele ya genge la Mama Asha.

07:44 Mama Zuhura: Miaka yote napita hapo!

07:47 Mjumbe: Ndilo hilo. Gari la zimamoto linakuja na maji yake, lakini moto mkubwa unayamaliza kwa dakika chache, halafu gari linakwenda kujaza. Bomba likiwa hai hapo kona linajaza hapo hapo. Afande kasema tusilifungue wala kuligusa valvu, tuondoe kifusi tu. Wao watakuja na watu wa mamlaka ya maji kupima kama lina msukumo.

07:58 Mama Asha Genge: Asalaam alaykum. Nimesoma yote. Nimekaa hapo tangu mwanangu mdogo yupo mgongoni na hakuna aliyewahi kuniambia kuna bomba. Mimi sikatai kusogea. Ila nisogee wapi? Nyanya zangu zinataka kivuli, na wateja wangu ni wa hapo kona.

08:02 Mzee Salum: Waalaykum salaam. Mwanangu njoo kwenye baraza yangu, ule upande wa mwarobaini. Ni hatua chache tu toka hapo na mteja anakuona. Sitaki kodi.

08:05 Mama Asha Genge: Mzee Allah akulipe. Nitahama leo baada ya soko la asubuhi.

08:09 Baba Neema: Bado gari bovu.

08:15 Mjumbe: Mwenye gari nimeongea naye, yupo safarini, ameruhusu lisukumwe mpaka uwanja wa shule. Mwalimu mkuu amekubali. Tairi mbili hazina upepo.

08:16 Juma Fundi Umeme: Pampu ninayo. Na nikimaliza hapo nitapita nyumba zenye ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni nyingine, nakagua bure wiki hii nzima. Nyaya ikiwa ya moto ukiishika, niiteni kwanza hapo.

08:20 Dada Happy: Mimi nina mtungi wa kuzimia moto nilionunua wa biashara. Afande alisema mshale ukiwa kwenye kijani upo sawa, wangu upo. Leo jioni mje uwanjani kwangu niwaonyeshe kwa kushika tu, bila kuupuliza: vuta pini, lenga shina la moto siyo ndimi, bana, pepea kulia kushoto, na mgongo wako uwe upande wa mlango. Unatoa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo ni wa moto mdogo. Moto ukiwa umekuzidi kimo, toka, piga 114.

08:22 Bi Mwanaidi: Nitakuja. Nami nataka kuushika.

08:24 Mjumbe: Basi kifusi saa kumi alasiri, baada ya jua kupungua. Nani ana beleshi?

08:25 Baba Neema: Ninayo mbili. Sururu sina.

08:25 Mzee Salum: Sururu ipo kwangu. Toroli muulizeni fundi ujenzi wa nyumba ya kijani.

08:31 Mama Zuhura: Toroli limepatikana. Zuhura anauliza kama na watoto wanaruhusiwa.

08:32 Mjumbe: Waje, wabebe maji ya kunywa. Watasimama upande wa msikiti, mbali na sururu.