Siku tatu kabla ya msafara wa motahomu: shughuli zipi zitangulie, na matembezi tuyaweke wapi?

Mwendo_Pole
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wenu. Motahomu yetu (gari lenye nyumba ya kulala ndani) imekaa miezi saba bila kutembea, na sasa tunajiunga na msafara wa magari tisa kwa wiki tano, mipaka mitatu. Tuna siku tatu kamili mjini, kisha ni kilomita 60 hadi mahali pa kukutania. Gari lina urefu wa mita 7, kimo mita 2.95, kikomo cha uzito kilo 3,500. Tuko wawili. Shughuli zilizobaki ni gesi, maji, vyakula, matairi na makaratasi. Mke wangu angependa tuone makumbusho na mji wa kale, nami pia. Tupange vipi bila kuharibu kimoja?

SpanaMkononi
Mkuu, karibu. Kanuni ni moja: kinachoweza kukutwa kibovu ndicho kinachotangulia, kwa sababu kipuri huenda kikachukua siku mbili kufika. Sokoni utaenda siku ya mwisho, viazi haviagizwi.

Asubuhi ya siku ya kwanza anza na matairi. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizo mwishoni mwa msimbo wa DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Motahomu hutembea kidogo, hivyo kashata (meno ya tairi) hubaki ndefu huku mpira umeshazeeka. Geuza usukani hadi mwisho, kisha piga tochi ubavuni karibu na rimu. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, usiondoke nalo hilo. Matairi yenye alama ya CP, yaani yaliyotengenezwa kwa ajili ya motahomu, hayapatikani kila duka, ndiyo maana unaanza nayo. Upepo pima yakiwa ya baridi. Magurudumu yakifunguliwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 80. Angalia pia kama una tairi la akiba. Motahomu nyingi huja na dawa ya kuziba na pampu tu, na dawa haisaidii tairi lililopasuka ubavuni.

Betri ya nyumba (inayowasha taa na pampu, siyo ya injini) ichaji usiku kucha, iache saa kadhaa bila kutumika, ndipo upime. Ya madini ya risasi ikiwa nzima inasoma karibu volti 12.7. Ikishuka hadi 12.2 ni nusu, na ikifika hapo asubuhi moja tu bila matumizi, nunua nyingine.

Maji: washa pampu, fungua mabomba mpaka hewa itoke, funga yote, kisha nyamaza dakika kumi. Pampu ikikoroma yenyewe kwa sekunde moja na kunyamaza, kuna mahali panavuja. Pitisha karatasi kavu ya jikoni kwenye kila kiungio. Tone dogo usiloliona kwa macho, karatasi italionyesha.

BiKilometa
Naongezea kuhusu matembezi, maana hapo watu wengi huyakosa kwa kukosea mpango tu. Gari likiwa gereji ndiyo nafasi yenu. Weka miadi ya saa mbili asubuhi, mkabidhi funguo, mpande basi kwenda makumbusho. Ila hakikisha kwanza siku ya kufungwa, kwa sababu makumbusho mengi hufungwa siku moja kila wiki, mara nyingi Jumatatu. Kateni tiketi za saa ya kwanza ya kufunguliwa, foleni huwa fupi.

Mji wa kale msiuingie na motahomu hata kama ramani ya simu inasema njia ipo. Simu inakupangia kama gari dogo. Maegesho ya chini ya ardhi mara nyingi huzuia chochote kinachozidi mita 2 na kidogo, nanyi mko 2.95. Na shida kubwa si kimo peke yake. Sehemu ya nyuma inayozidi ekseli hutupwa nje mnapokata kona: mkikata kulia, mkia unasogea kushoto na kugonga nguzo ambayo kioo kilishaipita salama. Andikeni kimo, upana pamoja na vioo, urefu na uzito kwenye kikaratasi, kibandikwe mbele ya dereva.

Mkilazimika kuegesha pembezoni, gari litazame njia ya kutokea, mapazia ya mbele yafungwe, na pasipoti mtembee nazo.

MizaniKwanza
Watu hupima uzito gari likiwa tupu, wakafurahi, kisha wakaenda sokoni. Pima baada ya kununua kila kitu, nanyi wawili mkiwa ndani. Omba usomewe jumla na kila ekseli peke yake, halafu linganisha na kibati cha mtengenezaji.

Mahesabu: lita 100 za maji ni kilo 100. Lita 90 za dizeli ni kama kilo 76. Baiskeli ndizo hudanganya zaidi. Chukua kilo 50 zilizoning'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli ni mita 4. Ekseli ya nyuma haiongezewi 50, inaongezewa 75, na ya mbele inapunguziwa 25. Ndiyo sababu usukani unakuwa mwepesi na gari linayumba kwenye upepo. Vizito viwekeni chini, katikati ya ekseli. Kwenye kabati za juu wekeni nguo na mikate.

Mwendo_Pole
Nimeshukuru sana, wakuu. Baiskeli zinabaki nyumbani. Maswali mawili: maji tujaze lini, na friji tuwashe lini? Ni ile ya njia tatu: gesi, umeme wa kambini na volti 12 za gari.

MotoWaBuluu
Tangi limekaa miezi saba, kwa hiyo lisafishwe usiku wa siku ya kwanza. Klorini ya nyumbani isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, weka mililita 100 kwa lita 100 za maji. Fungua kila bomba, la moto na la baridi, mpaka harufu ifike, uache saa nne au zaidi. Kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Kwa kusafiri beba robo ya tangi, mkijaza penye bomba la mwisho.

Friji ya aina hiyo haipozi haraka. Iwasheni jioni ya siku ya pili, kwa umeme wa kambini, ili vyakula vya siku ya tatu viingie kwenye friji ambayo tayari ni baridi. Gari lisimame sawasawa, likiinama friji inashindwa. Volti 12 ni kwa mwendo tu: inakula kama ampea 10 hadi 14, hivyo mkiizembea mnapotembea mjini injini imezimwa, betri ya ampea-saa 100 inaweza kufika nusu ndani ya saa nne au tano.

Gesi: butani hukataa kugeuka mvuke, baridi ikifika karibu na nyuzi 0, propani huendelea hadi takriban 42 chini ya sifuri. Kama njia inapanda milimani chukua propani. Kiungio kipakeni povu la sabuni, kamwe msitumie kiberiti. Kabla ya kituo cha mafuta au kivuko, fungeni valvu ya mtungi wenyewe.

PasiNaMuhuri
Makaratasi yasisubiri siku ya tatu. Leseni za kimataifa za udereva zinazotumika zaidi ni za aina mbili, ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1949 inayodumu mwaka mmoja na ya 1968 inayodumu hadi miaka mitatu. Mpaka mmoja unaweza kutaka hii, wa pili ile, hivyo kagua nchi zote tatu leo. Bima vilevile, majina ya nchi yawe yameandikwa.

BiKilometa
Usiku wa tatu lalieni pale pale pa kukutania, siyo mjini. Mfike na dizeli imejaa, tangi la maji machafu na kaseti ya choo (sanduku la kinyesi) vitupu, redio imechajiwa na imejaribiwa kwenye chaneli ya msafara. Kilomita hizo 60 ndizo za kukaza nati tena, kwa hiyo spana iwe juu, siyo chini ya mizigo.